Mifugo ya Mama Majini

Lodwar, 9 Januari

Nimekuta viluwiluwi vya mbu nyumbani kwangu. Kwangu mimi, Helen, afisa wa afya ya umma, ambaye juzi tu nilimfokea mwenye hoteli sokoni mbele ya wateja wake kwa sababu ya pipa la maji lisilo na kifuniko! Wanasema mganga hajigangi, lakini hii imezidi.

Kidimbwi chenyewe nilikikuta hapa. Alikijenga kwa saruji mpangaji aliyenitangulia, jamaa wa kampuni ya mafuta aliyekuwa akishinda Lokichar wiki nzima na kurudi hapa kutazama maji. Mimi nilikiacha kikauke. Sasa Mama, niliyemleta kabla ya Krismasi, alifungulia mfereji siku maji yalipotoka, akakijaza mpaka ukingoni, akaweka kigoda chake pembeni na kuketi. Maji yamekuwa na rangi ya supu iliyolala, na ndani yake vile vidudu vinajinyonganyonga. Nilivitazama mpaka chai ikanirudi kooni.

10 Januari

Nimeagiza mchanga wa kukifukia.

11 Januari

Mchanga umekuja na umeondoka. Mama alisimama mbele ya lori akamwuliza dereva, "Wewe ni mtoto wa nani, unayefukia maji?" Dereva akaona haya, akageuza lori lake. Mimi niliyemwita hakunitazama hata usoni.

"Toto," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kiturkana, "yanazaa mbu."

"Basi ondoa mbu. Maji yamekukosea nini?"

Niandike jambo lilivyo, nisijidanganye. Mama ana kifua kikuu. Aliwahi kuanzishiwa dawa kule Kalemng'orok, kwa kaka yangu Ebei, akaziacha alipoona nafuu akawafuata mbuzi wake. Kiangazi kikawamaliza mbuzi, kikohozi kikarudi. Daktari wa hapa amesema vidonge mpaka Julai bila kukosa hata siku moja, na akiacha tena hakuna ajuaye kama dawa itamsikia. Mama anameza, lakini tangu aje kila jioni alikuwa akiuliza gari la Kalemng'orok linaondoka wapi. "Mtu hukaa penye mnyama wa kumtazama," ananiambia. "Kwako kuna nini? Kuna mlango na kufuli."

Tangu kidimbwi kijae hajauliza gari. Kwa hiyo maji yanabaki, na mimi nimemeza kinyaa changu.

18 Januari, Kakuma

Ukaguzi wa soko. Mchinjaji anafuta kisu kwenye suruali, suruali hiyohiyo anajikunia makalio. Mama muuza maandazi anapenga kamasi na kurudi kwenye unga. Nimeandika ripoti kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Lokeno, dereva wetu, akanionea huruma. "Madam, kuna Mkongo hapo ndani ya kambi ya wakimbizi ako na samaki ya kukula mbu. Si uende umuone?"

Mkongo huyo anaitwa Hilaire. Anatengeneza redio, na samaki wake anawafuga ndani ya friji kuukuu aliyoilaza chali na kuing'oa mlango. Wengine weupe, wengine wa chungwa, wengine wana mabaka meusi kama waliomwagikiwa na oili.

"Hii njo koi, Mama. Samaki ya batajiri. Kwetu Bukavu banaiwekaka mbele ya nyumba."

"Wanatunzwaje?"

"Maneno mingi hapana! Unatia mu maji, unapatia mukate. Mungu anasaidia."

Wana midomo ya mviringo inayofumba na kufumbua, na pembeni ya midomo vindevu vya nyama. Mmoja aliniparuza mkono, akaniachia ute mzito wa kuvutika. Ningekuwa na akili ningeondoka. Nimechukua sita, nimewatia kwenye mifuko ya maji ndani ya kasha la barafu la ofisi, ambalo ni la kubebea sampuli. Mungu anisamehe.

19 Januari

Mama aliwatazama kwa dharau. "Hiki ndicho ulichoniletea? Anayekula samaki ni mtu aliyekosa mbuzi."

"Hawaliwi, Toto. Ni wa kutazamwa."

"Hawaliwi, hawakamuliwi. Basi ni wageni wa serikali."

Ilipofika jioni alikuwa amekwisha kuwapa watatu majina, kwa rangi zao, kama ng'ombe wa babu. Mweupe ni Lokwang. Wa mabaka ni Lokori. Wa madoadoa ni Lomeri. Hakuuliza gari.

24 Januari

Kijani. Kijani kama matapishi ya mbuzi. Na harufu.

25 Januari

Nimegundua Mama anawapa ugali. Si punje, ni tonge! Wanakula mpaka wanaunya ukiwa bado mzima, unaelea majini kama pamba chafu. Nimesoma kwenye simu kwamba samaki hawa hawana tumbo la kuhifadhia chakula, ukiwalisha sana maji yanageuka sumu. Nimemweleza Mama. Amenijibu kwamba mwenye kumnyima mnyama chakula huku yeye ameshiba ni mchawi.

Nimenunua pampu ndogo ya sola na kutengeneza chujio la pipa, kokoto chini, sponji juu. Nimetandaza neti ya kivuli kwa sababu saa nane maji yanakuwa ya kuogea mtoto. Maji mapya nayalaza kwanza kwenye pipa jingine ili klorini itoke. Hilo angalau nalijua bila kufundishwa.

2 Februari

Nimefungua chujio leo. Sponji zilikuwa zimevaa utando wa kahawia, laini, unaoteleza, unaonuka kama soksi za askari. Nilipoziminya, uji ulinitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Nilitapika, naandika bila aibu, nilitapika kwenye mchicha. Kisha nikafanya nilichosomea. Sponji, kokoto, pipa, vyote nimevisugua kwa sabuni na kuvilaza kwenye klorini, nikasuuza mpaka vikang'aa. Usiku huu nitalala kama mtu.

5 Februari

Wawili wamekufa. Nilipotoka na mswaki mdomoni nikawaona wameelea, matumbo juu, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Wengine wanne walikuwa juu ya maji wanahema, mashavu mekundu. Nilimpigia Hilaire.

"Mama, sala tu. Na mukate kidogo."

Nikakata simu. Nimeshinda kwenye simu nikisoma mpaka macho yakauma, na nimelipata jibu. Ule utando unaonuka ndio uliokuwa ukila mavi yao na kuyafanya yasiwe sumu. Ni viumbe hai. Mimi nimewaua wote kwa klorini, nikasuuza. Uchafu ule ndio uliowaweka hai. Sijawahi kusoma sentensi iliyonichukiza kiasi hiki.

Niliporudi uani Mama alikuwa amefunga furushi lake: ngozi, shuka, kibuyu, tumbaku.

"Mifugo inakufa hapa pia," akasema. "Naenda."

"Wamebaki wanne, Toto. Unamwachia nani? Mimi? Umeona nilivyowafanya."

Alinitazama, akawatazama wale wanne wanavyohema, akaguna. Alilifungua furushi polepole, fundo moja baada ya jingine, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa anayevumiliwa.

6 Februari

Natoa maji machafu, natia yaliyolala. Yaliyotoka yananywesha mchicha. Tunaula mchicha huo. Sitaki kufikiria.

11 Februari

Utando umeanza kurudi kwenye sponji. Nimeufurahia. Nimefikia hapo.

19 Februari

Vumbi. Joto. Mama anatafuna na kutema, anatafuna na kutema. Ukuta wa nyuma una michirizi ya kahawia. Nimempa kopo, analitumia kuwekea vidonge.

3 Machi

Makohozi ya Mama yamepimwa. Safi! Daktari anasema hawezi tena kumwambukiza mtu, lakini vidonge viendelee mpaka Julai. Nilitaka kumkumbatia hapo hapo kwenye foleni, ila shuka lake lilikuwa na kitu kimegandia begani, sijui mate, sijui uji, nikamshika kiwiko.

"Kama nimepona," aliniuliza njiani, "kwa nini nameza?"

"Ili usiugue tena."

"Hata Ebei anaweza kuniangalia nikimeza."

Ebei hawezi. Ebei alikuwepo mara ya kwanza. Nikamkumbusha tu kwamba samaki hawajala tangu asubuhi, akaongeza mwendo.

14 Machi

Lokori ana kidonda ubavuni. Chekundu katikati, pembeni kina manyoya meupe kama ukungu wa mkate. Simu inasema umtenge kwenye maji ya chumvi, basi nikachukua beseni kubwa la kufulia, nikavaa glavu. Alinitoka mara mbili. Ilibidi nivue glavu nimkumbatie kwa kitambaa kilicholowa, mwili mzima ukipigapiga kifuani pangu kama moyo uliotolewa, ute ukiingia kwenye blauzi ya ofisini. Blauzi nimeitupa.

Mama amehamishia kigoda kwenye beseni. Ndiye anayempenda zaidi, kwa sababu baba yake alikuwa na fahali wa mabaka hayo.

16 Machi

Lokori amekufa. Niliporudi kutoka kazini nimemkuta amepinda, na maji ya beseni yamekuwa ya kahawia, chai ya rangi tupu. Sijui ni damu, sijui ni kuoza. Chumvi ilizidi, nadhani. Mama hakula.

17 Machi

Hakula tena. Vidonge amemeza kwa kuwa nilisimama mbele yake.

20 Machi

Lomeri naye, kidonda kilekile. Nimepunguza chumvi.

21 Machi

Lomeri amekufa. Maji ya kahawia tena, na safari hii nilipoinama yana harufu kali ninayoijua lakini sikuweza kuikumbuka. Nilimwaga nikiwa nimeziba pua.

Furushi la Mama liko mlangoni, limefungwa. Ebei amepiga simu. "Helen, wacha mama arudi nyumbani. Hiyo samaki yako si mbuzi. Unamtesa tu."

"Na dawa?"

"Si zahanati iko huku pia?"

Ndiyo, ipo. Ilikuwepo hata mara ya kwanza. Wamebaki Lokwang na yule mdogo wa chungwa, ambaye Mama hajampa jina. Mama ameniambia bila kupaza sauti: wakiisha hao, asubuhi yake yuko barabarani. Simlaumu. Nachukizwa na samaki, nachukizwa na beseni, nachukizwa na mimi ninayeomba kwa magoti kila asubuhi kwamba dude lenye ndevu za nyama liamke hai.

27 Machi

Mawingu yamepita. Hayakushuka.

1 Aprili

Lokwang ana kidonda.

2 Aprili

Nimemtia Lokwang kwenye beseni alfajiri, nikaenda kazini. Saa sita nilirudi kuchukua kitambulisho nilichokisahau, na kwa kuwa lango lilikuwa wazi sikubisha.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni. Shavu limevimba tumbaku. Alikusanya mate taratibu, akavuta pumzi, akayapuliza juu ya maji kama mvua nyembamba ya kahawia. Kisha akasema, "Pona." Akajijibu mwenyewe, "Pona." Akapuliza tena. "Nona." "Nona." "Zaa ujaze maji haya." "Jaza." Kwetu baraka huitikiwa na watu, wazee wakiketi nusu duara. Yeye hakuwa na mtu, ikabidi awe wote. Mwisho alilitoa donge lote mdomoni, akalifikicha kwa vidole na kulinyunyizia pale kidonda kilipo.

Ile harufu! Niliikumbuka hapo hapo. Nikashika ukuta.

"Unafanya nini, Toto?"

Hakushtuka. "Nambariki. Baraka ya siku ni moja, hupewa aliye hoi kuliko wote. Wale wengine nilichelewa. Huyu nimemwahi."

"Mbona sijawahi kukuona?"

"Wewe unachukizwa na mate," akanijibu, bila lawama hata chembe. "Nikitema unakunja uso. Kwa hiyo nangoja utoke."

Alipokwenda kujilaza nilimwaga yale maji, nikamtia Lokwang kwenye mengine. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi. Nilimshika kwa mikono mitupu, nikamsogeza mbele na nyuma ndani ya maji ili yapite mashavuni, muda mrefu, mpaka mgongo ukaniuma na vidole vikakunjamana. Kabla jua halijatua alisimama mwenyewe.

Nimesoma. Tumbaku ni sumu kwa samaki. Wakulima huichemsha kuulia wadudu. Kidimbwini ingepotelea kwenye maji mengi, lakini kwenye beseni, donge zima, mara ngapi sijui. Mama amewaua Lokori na Lomeri kwa kuwapenda, na mimi, kwa uso wangu uliokunjwa, nikamfanya ajifiche nisione.

3 Aprili

Sitamwambia. Nimelala na jambo hili na nimeamka nalo. Mtu ambaye baraka yake inaua, kwetu hakai kwenye boma la mtu. Angejitenga na watoto, na watu, na mimi. Asingengoja hata gari, angeondoka kwa miguu, na vidonge angeviacha ndani ya kopo. Afadhali anione mimi mjinga wa samaki.

4 Aprili

Nimemrudisha Lokwang kidimbwini na kidonda chake, nikalificha beseni. Mama amehamisha kigoda. Atatema kidimbwini sasa, kila siku, na maji yenyewe yamepungua kwa joto hili.

5 Aprili

Nimeitupa tumbaku yake chooni. Akavitema vidonge. Kimoja kilinigonga kwenye kiatu. "Kila mtu na chake," akasema.

6 Aprili

Mimi, ninayewafukuza wauza tumbaku mbele ya zahanati, nimepanga foleni sokoni kwa bibi mmoja mwenye meno meusi. Alinitambua. "Ejok, daktari!" akanisalimu kwa kicheko, akaniongezea kipande cha bure.

Mama amemeza vidonge. Nimemwambia Lokwang asibarikiwe kwa kuwa anapona. "Ni nani aliyekwambia anapona?" akauliza. "Mtazame. Katika boma hili nani yuko hoi kumshinda?"



9 Aprili

Mvua imenyesha, ya kwanza. Kelele kwenye mabati, harufu ya vumbi lililolowa, majirani wamesimama nje kama waliofunguliwa. Lokwang na yule mdogo walikuwa wakizunguka chini ya matone.

Mama alikuwa ukingoni tayari, shavu limejaa. Nilimwona akivuta pumzi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe la ofisini, nimechana nywele, na nilikwisha kuchelewa.

Nilikwenda nikapiga magoti kwenye matope kati yake na kidimbwi.

"Toto, mimi ndiye niliye hoi."

"Unaumwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo wa tumbo. Haukutoka. "Silali," nikamwambia. "Naogopa utaondoka, utaacha dawa, utakufa Kalemng'orok, na mimi niko hapa na kufuli langu."

Alivuta pumzi tena. Kisha akanipulizia.

Ilikuwa na uvuguvugu. Niandike yote. Ilinipata paji la uso na kope, ikashuka pembeni ya pua, nzito, na harufu yake ni ya magadi na jino bovu. Nilibana meno, nikashika udongo kwa mikono yote miwili. "Lala," Mama akasema, akasita, kwa mazoea akitaka kujijibu.

"Lala," nikaitikia.

"Nona."

"Nona."

"Kaa na watu."

"Kaa na watu."

Akatoa donge, akalifikicha, akanipaka lote utosini, ndani ya nywele nilizochana. Nilitapika nyuma ya pipa la chujio, yeye akinishika mgongo na kunisifu kwamba ugonjwa unatoka. Mdomo wake ulikuwa umekauka. Aliwatazama samaki, hakuwatemea, akaenda akachukua kopo na kumeza vidonge bila kuambiwa.

10 Aprili

Tena.

11 Aprili

Tena. Nimetapika kidogo tu.

16 Aprili

Kidonda cha Lokwang kimefunga. Mama amempa yule mdogo jina, kisha amelichukua furushi mlangoni akalitumia kama mto. Asubuhi aliniuliza kama naona nafuu. Nikasema hapana, bado hoi kabisa. Vidonge vinakwisha Julai. Mpaka hapo, uso wa kutemewa ninao.